969,969

Lori lilifika Jumanne likivutwa kwa mnyororo
kutoka mteremko wa Salgaa hadi gereji yetu, Nakuru, nyuma ya reli.
Breki, klachi, na ombi moja la sauti ya chini:
"Kerubo, hiyo mita irudishe. Laki mbili, isizidi.
Mnunuzi anakuja Ijumaa."
Akaweka elfu tano juu ya betri.

Nikawasha tochi. Mita ilisimama pale iliposimama injini:
tisa sita tisa, tisa sita tisa.
Isome ukienda, isome ukirudi,
ni ileile.

Hesabu niliiacha kidato cha tatu, karo ilipokatika.
Yenyewe haikuniacha.
Nikachana katoni ya vichujio, nikatafuta chaki.
Jumlisha tarakimu: arobaini na nane. Basi tatu imo.
Jumlisha, toa, jumlisha, toa: sufuri. Kumi na moja imo.
Nusu ya mbele na nusu ya nyuma ni mtu na pacha wake,
na pacha wa namna hii hubebwa na elfu moja na moja,
ambayo ukiibana hutema saba, kumi na tatu,
na kumi na moja yetu tena, hiyohiyo.
Ikabaki mia tisa sitini na tisa:
machungwa ya mama Nyakio soko la Wakulima,
apangavyo pembetatu juu ya pembetatu,
mia na hamsini na matatu chini, moja kileleni,
ghorofa kumi na saba.
Nazo ni tatu, mara kumi na saba, mara kumi na tisa.

Sita tu. Hakuna iliyoingia mara mbili.
Mwalimu alituambia zinaitwa namba tasa.
Tasa gani hizi,
zimekaa pamoja zikazaa vigawanyo sitini na vinne?

Nje, juu ya tairi bovu, aliketi Mukhwana,
dereva wake tangu viti vikiwa na nailoni.
Miaka mingapi?
"Kumi na tisa. Malipo yangu nimeambiwa nisubiri.
Tajiri anasema gari halikufanya kazi ya maana."

Nikagawa kwa kumi na tisa.
Elfu hamsini na moja, na hamsini na moja.
Kila mwaka. Pacha tena.
Haikusalia hata kilomita moja ya kubishania.

Sitaficha: bisibisi nilishika.
Mwanangu anadaiwa sare, na elfu tano ni elfu tano.
Nikajilaza chali, miguu kwenye kiti, kichwa kwenye pedali,
na kutoka kule chini mita ikasomeka
sita tisa sita, sita tisa sita.
Nikaipasua hiyo pia, mdomo umeuma tochi.
Tatu ipo. Saba ipo. Kumi na moja, kumi na tatu, zipo.
Kumi na saba haipo.
Kumi na tisa haipo.
Mahali pao ishirini na tisa, mgeni nisiyemjua,
na mbili, na mbili, na mbili.

Laki mbili je?
Mbili na tano, mbili na tano, mpaka sakafuni.
Hakuna mwingine ndani.
Namba ya mtu anayehesabu noti.

Ijumaa nilimrudishia pesa yake, moja ina grisi.
"Fundi ni wengi mji huu," alisema.
Kweli, ni wengi.

Lakini kadi ya kazi nilikuwa nimeshaijaza:
Kilomita zilizokutwa, 969,969.
Dereva, Mukhwana, miaka 19.
Sahihi. Muhuri. Kaboni chini yake.

Nakala nilimpa yeye.
Akaisoma polepole, kidole kikifuata.
Namba tasa hazijui, wala hakuniuliza.
Akaikunja katikati, pale penye koma,
tisa ikalalia tisa, sita ikalalia sita,
akaitia mfuko wa shati
akafunga kifungo.